Je, Wajua? Tamathali za Semi Zinapanda Daladala la Mbagala

Saa 11 jioni, kwenye darasa la tuisheni pale Tandika, ubao umejaa maneno ya Kiingereza kuanzia juu hadi chini: simile, metaphor, personification, hyperbole, na mengine kadhaa. Wanafunzi wa kidato cha tatu wananakili kimya. Asubuhi ya siku hiyohiyo, shuleni, mwalimu wa Kiswahili aliwaandikia tashibiha, sitiari, tashihisi na mubalagha. Mkoba ni mmoja, madaftari ni mawili, na wengi wao hawajaambiwa kwamba wamenakili somo lilelile mara mbili.

Kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha akaingia sekondari kwa Kiingereza, istilahi hizi hugeuka ukuta. Anazikariri usiku kucha, na baada ya mtihani zinapotea. Wakati huohuo, nje ya dirisha la darasa, konda wa daladala anatumia tamathali mbili tatu kwa pumzi moja, bila daftari wala tuisheni.

Tumekukusanyia dondoo 12 kuhusu istilahi hizo: zilikotoka, zinavyofanya kazi, na mahali unapoweza kuzisikia leo hii ukitoka nyumbani kwako Temeke au Kinondoni.

1. Metaphor ni mzigo, sitiari ni mkopo

Je, wajua kwamba neno metaphor, kwa asili yake ya Kigiriki, maana yake ni kubeba kitu kutoka huku kukipeleka kule? Hata leo, ukitembea mitaa ya Athens, utakuta malori ya kuhamisha vyombo yameandikwa neno hilohilo ubavuni. Kazi ya malori hayo ni ileile ya kirikuu inayokuhamisha wewe na kitanda chako kutoka Mwananyamala kwenda Buza.

Kiswahili kilipata neno lake kwa Waarabu. Sitiari inatokana na isti'ara, yaani kuazima. Unapomwita beki wa timu yako "ukuta", umeliazima jina la kitu kisichopitika ukampa mtu, na ukuta wenyewe umebaki na jina lake. Mgiriki aliona neno linabebwa, Mwarabu akaona linaazimwa, na wote wawili walikuwa wanaeleza jambo moja.

Angalizo kwa mtahiniwa: sitiari haina undugu na kitenzi kusitiri. Sauti zinakaribiana, lakini kusitiri ni kufunika, na mzizi wake ni mwingine kabisa.

2. Si kila "kama" ni tashibiha

Je, wajua kwamba unaweza kuandika sentensi yenye neno "kama" na mwalimu akakunyima alama ya tashibiha, tena kwa haki? "Hamisi ni mrefu kama Juma" ni ulinganisho wa kawaida tu, maana watu wawili wamepimwa urefu. "Hamisi ni mrefu kama mnazi" ndiyo tashibiha, kwa sababu vitu viwili vya jinsi tofauti vimekutanishwa ili kimoja kikionyeshe kingine. Na "Kama mvua itanyesha, hatutakwenda" ni sharti, wala hakuna mfanano wowote.

Mtego huohuo upo kwenye Kiingereza, ambako maneno like na as yana kazi nyingi mbali na kulinganisha. Neno simile ni la Kilatini, lenye maana ya kitu kinachofanana. Tashibiha nayo ni Kiarabu cha kufananisha, na mzizi wake ndio huo uliozaa kitenzi chetu kushabihi. Ukikumbuka kushabihi, hutasahau tashibiha.

Kiswahili kinakupa viunganishi vingi vya kazi hiyo: kama, mithili ya, sawa na, ja, utadhani, mfano wa. Abiria aliyeshuka Mbagala Rangi Tatu huku shati limelowa jasho akisema "tumepangwa utadhani magunia ya mkaa" ametunga tashibiha iliyokamilika bila kutumia "kama" hata mara moja.

3. Kiswahili kina kifaa cha tashihisi ambacho Kiingereza hakina

Je, wajua kwamba kwa Kiswahili unaweza kumgeuza mti kuwa mtu kwa herufi moja tu? Tashihisi inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mtu, ndilo lililotupa pia shakhsia. Personification nayo ina ndani yake neno la Kilatini persona, kinyago alichovaa mwigizaji jukwaani. Kwa hiyo kumpa mti tashihisi ni kumvika kinyago cha binadamu.

Mwandishi wa Kiingereza anayetaka mti uongee huupa maneno au matendo ya kibinadamu. Mwandishi wa Kiswahili ana njia ya ziada, nayo ni upatanisho wa ngeli. "Mti ukasema" bado ni mti, ingawa unaongea. "Mti akasema" tayari ni mhusika: amevuka kutoka ngeli ya u-/i- akaingia ngeli ya a-/wa-, wanamokaa watu na wanyama. Ukisoma hadithi, chunguza viambishi. Mara nyingi mwandishi mahiri hukudokezea hapo ni kitu gani kimepewa roho.

4. Mubalagha na balehe ni ndugu

Je, wajua kwamba mubalagha, balagha na balehe zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kufika? Aliyebalehe amefikia utu uzima. Balagha ni ufasaha, yaani usemi unaomfikia msikilizaji. Na mubalagha ni usemi uliofika, kisha ukapitiliza.

Kigiriki kilifanya jambo la kushangaza zaidi. Neno hyperbole, kutupa kitu kikapita mbali, ndilo lililozaa jina la umbo la hisabati haipabola. Ellipsis, ambayo sisi huiandika kwa nukta tatu na kuiita mdokezo, ni ndugu wa elipsi, ile duaradufu ya kwenye jometri. Na parable, hadithi ya mfano kama zile za Injili, imechangia shina na parabola. Majina hayo ya mapinde matatu aliyaweka mwanahisabati Apollonius wa Perga zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: moja linapungukiwa, moja linakaa sambamba, moja linazidi. Kwa hiyo ukitoka kipindi cha hisabati ukaingia cha Kiingereza, umehama chumba tu. Maneno ni yaleyale.

Waswahili wana majina mengine ya mubalagha: kutia chumvi na kupiga chuku. Ukitaka mfano hai, simama kituoni uisikilize daladala inayoelekea Mbagala. Watu wananing'inia mlangoni, na konda anaita: "Gari tupu hiyo! Siti kibao! Ingia twende!"

5. Kijembe na sarcasm vyote vinakata nyama

Je, wajua kwamba neno sarcasm linatokana na Kigiriki cha kurarua nyama? Waswahili, bila kumuuliza Mgiriki, walifikia picha hiyohiyo. Kijembe ni kisu kidogo, wembe wa kuchanjia. Anayekupiga kijembe hakupigi rungu. Anakuchanja kidogo, na maumivu unayasikia ukishafika nyumbani.

Chombo cha heshima cha kijembe hapa kwetu ni kanga. Kila kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi. Kwenye nyumba ya kupanga huko Temeke, mama anaweza kutoka kwenda bombani amejifunga kanga yenye jina "Usisafirie nyota ya mwenzio", akapita taratibu mbele ya mlango wa jirani. Jirani atasoma, ataelewa, na hatakuwa na la kushtakia, maana mwenzake amevaa nguo tu. Kwenye daftari la Kiingereza jambo hilo linaitwa innuendo, neno la Kilatini lenye maana ya kuashiria kwa kutikisa kichwa. Taarabu ya mipasho iliyompa Khadija Kopa sifa ya umalkia imejengwa juu ya msingi huohuo: anayeimbiwa anajijua mwenyewe.

6. "Amefariki" ni tafsida iliyosahau kwamba ni tafsida

Je, wajua kwamba ukisema "amefariki" hujataja kifo? Kufariki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuachana, kutengana. Wazee walikwepa neno kali wakasema mtu ameachana nasi, na kwa kutumika sana neno likawa ndilo lenyewe. Ndivyo tafsida, yaani neno la adabu badala ya neno kali, inavyoishi. Inazaliwa kama pazia, inazoeleka, kisha watu wanatafuta pazia jingine.

Msalani ni mfano mwingine mzuri. Msala ni mkeka au zulia la kusalia. Anayekwenda kuswali huanza kwa kujitakasa, na kwa njia hiyo ya adabu choo kikapata jina lenye harufu ya ibada.

Tafsida ina uzito wake pia pale jamii inapoogopa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ugonjwa usiojulikana ulipoanza kuua watu mkoani Kagera, wananchi waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Jina UKIMWI lilikuja baadaye. Mwanafunzi anayesoma riwaya ya Bernard Mapalala, Passed Like a Shadow, kwenye somo la Kiingereza, ajiulize: wahusika wanauita ugonjwa huo kwa majina gani, na kwa nini wanaogopa kuutaja?

7. Uwanja ulio Temeke una jina la kijiji cha Mtwara

Je, wajua kwamba watangazaji wa mpira ni walimu wazuri wa metonimia kuliko vitabu vingi? Metonimia ni kukitaja kitu kwa jina la kingine kinachohusiana nacho. "Msimbazi leo hawalali" maana yake Simba wameshinda au wamefungwa, kwa sababu makao ya klabu yapo Mtaa wa Msimbazi. "Jangwani kumenoga" ni habari ya Yanga. "Chamazi" ni Azam, wenye uwanja wao huko kusini mwa Temeke, na lakabu yao ya Wanalambalamba imetoka kwenye zile barafu za kulamba zinazouzwa na kampuni inayomiliki timu.

Mfano mtamu kuliko yote upo jirani na Chang'ombe. Uwanja wa watu 60,000 uliokamilika mwaka 2007 ulipewa jina la Benjamin Mkapa baada ya Rais huyo mstaafu kufariki Julai 2020. Mashabiki husema "Kwa Mkapa". Watangazaji wakaenda mbali zaidi wakauita "Lupaso", jina la kijiji alikozaliwa Mkapa, wilayani Masasi. Uwanja ukachukua jina la mtu, na mtu akaleta kijiji chake. Hizo ni hatua mbili za metonimia kwa neno moja.

Ndugu wa karibu wa metonimia ni synecdoche, ambapo sehemu inasimama badala ya kitu kizima. Konda anayehesabu "vichwa" hajakata mtu kichwa, anahesabu abiria. Naye mpiga debe wa stendi alipata jina kwa kile kitendo cha kugonga kopo tupu ili watu wageuke. Leo hata mgombea ubunge hupigiwa debe, na hakuna debe lolote hapo.

Na wewe unayesoma haya ukiwa Dar, unaishi ndani ya tamathali. Bongo ni ubongo mkubwa, jina ambalo jiji lilipewa kwa sababu hapa anaishi anayetumia akili. Baadaye jina likaenea nchi nzima, likapanda hadi kwenye muziki wa Bongo Fleva.

8. Kwa Kiswahili, weupe una sauti

Je, wajua kwamba onomatopea ya kitabu cha Kiingereza haitoshi kueleza tunachofanya sisi? Onomatopea, au tanakali sauti, ni neno linaloiga sauti: pikipiki inaita jina lake kila inapowashwa. Lakini Kiswahili husema pia mweupe pee, mweusi tii, mwekundu pyu, amelala fofofo, giza totoro. Weupe hautoi sauti, wala giza halilii. Lugha imelipa jicho kitu cha kusikia. Ukiulizwa mfano wa tanakali sauti, taja wa pikipiki. Ukitaka kumpendeza mwalimu wako, mweleze na tofauti ya pee.

Kuna neno moja lenye kisa cha Kinondoni. Trekta huitwa tingatinga, na ukilisikia likipasua shamba utaelewa sababu. Lakini picha za tingatinga zinazouzwa kwa watalii hazina uhusiano na trekta. Zinabeba jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi na kuuza kazi zake Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Jina la mtu au la kampuni linapogeuka jina la kitu, Kiingereza huliita eponym. Bajaji iliyokuleta nyumbani jana ni mfano mwingine, kwani Bajaj ni kampuni ya India.

9. Mshairi wa Kiswahili hahesabu mapigo

Je, wajua kwa nini mashairi ya Kiingereza yanamchanganya mwanafunzi wetu? Ni kwa sababu mstari wa Shakespeare hupimwa kwa mapigo. Silabi ni 10, lakini kinachotafutwa ni ile mikazo 5 inayopishana na silabi laini. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, kwa hiyo hauna siri ya kufichua. Sisi tunahesabu silabi zote, ndizo mizani.

Jaribu mstari huu nilioutunga kwa ajili yako: "Nimepanda la Mbagala, nikashukia Tandika." Hesabu kwa vidole: ni-me-pa-nda-la-Mba-ga-la ni 8, na ni-ka-shu-ki-a-Ta-ndi-ka ni 8. Jumla 16, mshororo kamili wa shairi la kimapokeo, wenye kipande cha ukwapi na cha utao. Tazama pia herufi m: Mbagala ina mizani 3, na Mtoni, jina fupi zaidi, nalo lina 3, kwa sababu m ya Mtoni ni silabi inayojitegemea.

Kanuni hizi ziliandikwa kitabuni na Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, mwaka 1954. Huyu ndiye aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani, na ukazuka ubishi mkali kati ya wanamapokeo na wanamapinduzi. Kwa Kiingereza ushairi wa namna hiyo ni free verse. Usiuchanganye na blank verse, ambayo haina vina lakini mapigo yake yanahesabiwa.

10. Neno moja la Mwalimu lilibadilisha tamthilia nzima

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare huku akiongoza nchi? Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akairekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka The Merchant of Venice, na jina alilolichagua ni Mabepari wa Venisi.

Merchant ni mfanyabiashara. Mwalimu hakuandika wafanyabiashara. Ilikuwa miaka miwili tu tangu Azimio la Arusha la 1967, na neno bepari lilikuwa limebeba hukumu ya taifa zima juu ya unyonyaji. Msomaji alikwisha kujua aelekeze jicho wapi kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Katika somo la Kiingereza hiyo huitwa diction, uteuzi wa maneno. Kila unapoulizwa juu ya diction, kumbuka jalada hilo.

Na Julius Caesar ni ghala la balagha. Kwenye hotuba ya mazishi, Antony anamsifu Brutus kuwa ni mwenye heshima, anarudia, anarudia tena, mpaka sifa inaoza masikioni mwa umati. Humo mna takriri, mna maswali ya balagha yasiyotaka jibu, na juu ya yote mna kinaya.

11. Kinaya kilibadili maana njiani

Je, wajua kwamba Mwarabu akisikia neno kinaya hafikirii kile tunachofikiria sisi? Katika elimu ya balagha ya Kiarabu, kinaya ni kusema jambo kwa kulizunguka bila kulitaja wazi. Lilipoingia kwenye fasihi yetu likachukua maana ya irony: kinachosemwa au kutarajiwa kwenda kinyume na kilivyo. Walimu wengi wa Tanzania hutumia pia kejeli kwa ule upande wa kusema kinyume, kama mama anayemwambia mwanawe aliyerudi na matope mpaka kwenye nyusi: "Hongera, umependeza!"

Irony yenyewe imetoka kwa mhusika wa vichekesho vya Kigiriki aliyejifanya hajui kitu ili amwangushe mwenye majivuno. Ziko namna 3 za kuangalia: ya maneno, kama ya mama huyo, ya tukio, kama kituo cha zimamoto kuungua, na ya jukwaani, ambapo watazamaji wanajua jambo ambalo mhusika halijui. Mkiwa mmejaa sebuleni mnatazama filamu, na mtoto akapiga kelele "Usifungue mlango, yupo nyuma!", mtoto huyo yumo ndani ya dramatic irony mpaka shingoni.

12. Bibi yako alimtangulia Coleridge

Je, wajua kwamba mwaka 1817 mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge aliyapa jina yale makubaliano ya msomaji kuiweka kando shaka yake kwa hiari, ili hadithi imwingie? Wasomi wanaitaja hoja hiyo mpaka leo. Lakini ukimsikiliza bibi akianza kusimulia, "Hadithi, hadithi!", na wajukuu wakijibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!", utaona mkataba huohuo umetiwa saini na pande zote mbili. Wajukuu wanajua ni uongo, wanaukaribisha, na wanataja bei yake: utamu.

Katika mkataba huo msimulizi hudokeza pia hadithi za zamani, jambo ambalo Kiingereza huita allusion. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alimwita kijana wa riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 Yusuf, kijana mzuri wa sura aliyetengwa na wazazi wake akapelekwa mbali. Mtoto wa madrasa ya Tandika na mtoto wa shule ya Jumapili ya Kijitonyama wote wataitambua habari ya Nabii Yusuf. Riwaya hiyo sasa ipo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na ukiisoma sambamba na ya Kiingereza utapata darasa kamili bila ada.

Neno la mwisho kwa mwanafunzi na mwalimu

Mtahini hatosheki na jina la tamathali. Ukiandika "hapa kuna sitiari" ukaweka nukta, umetaja mgonjwa bila kutaja ugonjwa. Sema kimeazimwa nini, kimepewa nani, na msomaji ameona nini ambacho asingekiona bila hiyo sitiari. Kwa hilo, Kiingereza chako hata kikiwa cha kuchechemea, jibu litasimama.

Mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili, ninyi mnaokaa ofisi moja na kunywa chai ya birika moja, kaeni dakika 10 mpange kufundisha istilahi hizi wiki moja. Nawe mwanafunzi, leo usiku chukua ukurasa mmoja mtupu uugawe safu tatu. Ya kwanza andika jina la Kiswahili, ya pili la Kiingereza, ya tatu mfano uliousikia kwa masikio yako mwenyewe njiani, sokoni au nyumbani. Usilale mpaka safu ya tatu iwe na mifano 5. Kesho asubuhi, ukipanda daladala, utaongeza wa 6 kabla hujafika shuleni.